Nakuhadhari Huko

Mwanamume akienda kumchagulia mke wake gari, huanza na rangi au huanza na injini. Yassin wangu alianza na ufito.

Ufito wenyewe nilikuwa naufahamu. Tangu nilipoolewa ulikuwa umesimama nyuma ya mlango wa chumba chetu pale Lindi, urefu wake wa kunifika kifuani, nami mwaka mzima nilikuwa naufukuzia kuku. Siku moja alinikuta nao mkononi, akaninyang'anya bila neno, akaufuta vumbi kwa shati lake na kuurudisha pale pale. Nikajisemea wanaume wana mambo yao. Sasa Novemba hiyo, mwaka ule lilipofunguliwa daraja la Rufiji, namwona anashuka nao kwenye pikapu ya jirani, mbele ya uwanja wa magari wa Sipriani kule Mitwero, na mimi nyuma yake na tumbo langu la miezi saba.

"Kaka, hiyo bakora ni ya kunichapia mimi au ya kuchapia magari?" Sipriani akacheka. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mwingi wa maneno, aliyewahi kuuza korosho kabla hajahamia kwenye magari yaliyotumika.

Yassin hakucheka. "Tuonyeshe ulivyonavyo."

"Basi karibuni. Shemeji, angalia mwenyewe, vishangingi vya watu wenye akili hivi. Vidogo, lakini viko juu, vinavuta miguu yote minne. Hili la bluu bomba kabisa. Hili la kijani linakunywa mafuta kwa adabu. Na lile jeupe..." Akakuna shingo. "Lile jeupe nalo lipo."

"Mbona jeupe unalisema kwa mbali?" nikamuuliza.

"Aa, shemeji, rangi tu. Kuna mteja alisema limevaa sanda."

Mimi nililipenda la bluu. Lilikuwa na viti vya kitambaa laini na kioo cha kujiangalia upande wa abiria, na nilijiona kabisa nashuka nalo mlangoni kwa zahanati, wauguzi wenzangu wakinichungulia dirishani. Nikamgeukia Yassin nimwambie. Alikuwa amepiga magoti vumbini, amesimamisha ufito mbele ya boneti ya gari hilo hilo, macho yake yanakwenda kwenye alama iliyochongwa kwa kisu karibu na ncha ya juu, kisha pale injini inapovutia hewa. Akatikisa kichwa. Akaenda kwenye la kijani, akapima, akatikisa kichwa. Kwenye jeupe alikaa muda mrefu zaidi. Alipoinuka shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Hili," akasema.

"Na rangi hukuniuliza?"

"Rangi haizuii maji, Adija."

"Maji gani? Visima vimekauka."

"Ya Januari. Utajifungua Januari."

Alisema hivyo huku kidole gumba chake kikiipapasa ile alama, polepole, na hapo ndipo nilipoelewa nimekuwa nikifukuzia kuku kwa kitu gani.

Niwaeleze. Kabla yangu Yassin alikuwa na mke, Mwanasha. Mwaka wa zile mvua za El Niño alikwenda kwao kujifungua mimba ya kwanza, kama desturi ilivyo, kijiji kilicho ndani kidogo, upande wa bara wa barabara ya kwenda Kilwa. Uchungu ukamzidi. Yassin akamfuata na pikapu kuukuu amkimbize hospitali, na kwenye korongo lililo kati ya kijiji na barabara kuu, maji yakaizima pikapu katikati. Mwanasha alikata roho mle garini, na mtoto wake tumboni, kabla watu hawajafika na kamba. Haya nilisimuliwa na majirani. Yassin mwenyewe hakuwahi kuniambia hata nusu yake. Walichoongeza majirani ni kwamba hakulia. Hakulia mazishini, hakulia siku ya arobaini, na baada ya arobaini hakukanyaga tena kule.

Lakini siku ile kumbe alikata ufito, akayapima maji.

Basi nilikuwa nachaguliwa gari kwa maji yaliyomuua mwenzangu. Roho iliniuma, nisiseme uongo. Na papo hapo nikamwonea huruma mpaka nikataka kumkumbatia mbele ya Sipriani na wateja wake wote.

"Kalijaribuni," Sipriani akasema akimtupia Yassin ufunguo. "Nendeni hata nusu saa, gari la safari hujulikana njiani. Redio tu ndiyo usihangaike nayo, na hicho kioo cheusi cha katikati kimekufa, hakiwaki."

* * *

Tulishika barabara ya kaskazini. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo hata mbwa wanajificha, na mabibo yaliyooza chini ya mikorosho yalikuwa yananuka utamu mkali mpaka ndani ya gari. Gari lilikuwa linapanda na kushuka mashimo bila kunitingisha tumbo. Nikamtazama Yassin kwa pembeni. Ana taya zuri mume wangu, na anapoendesha huwa anauma mdomo wa chini kidogo. Ukiniuliza nilimpendea nini, nitakutajia mambo ya maana, lakini kwanza nilimpendea mdomo huo.

"Weka mkono hapa," akaniambia. Akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye giya, akaufunika kwa wake. "Kanyagio lile la kushoto likishuka ndipo unasukuma. Hii moja. Hii mbili. Umeona?"

"Unanifundisha mimi?"

"Gari lako. Sikulichagua nikuendeshe, nimelichagua uendeshe mwenyewe. Siku nisipokuwepo usimngoje mtu. Usimngoje mtu yeyote, Adija."

Nilikuwa bado natafuta jibu la kumpa, jibu lenye kumfaa mtu aliyesema maneno hayo, pale mwanamke alipozungumza ndani ya gari.

"Mama," alisema.

Sauti ilikuwa karibu sana, ya chini, ya upole, sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Ikanyamaza kidogo. Kisha ikaendelea, neno kwa neno:

"Naku... hadhari... huko... desi."

Yassin alikanyaga breki mpaka ukanda ukanibana kifua. Vumbi letu wenyewe likatufikia likatupita. Kushoto kwetu njia ya mchanga iliachana na barabara, ikaingia mikoroshoni, haina kibao wala alama ya gurudumu. Hapakuwa na mtu. Nilitazama kiti cha nyuma mara mbili.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Anza wewe."

Vinyweleo vya mkono wake vilikuwa vimesimama, na mkono huo bado ulikuwa umeufunika wangu, wa baridi katika joto lile.

"Njia hiyo inakwenda wapi?" nikauliza, ingawa tayari nilijua.

"Kwao," akasema.

Tukageuza. Njia nzima ya kurudi gari lilikaa kimya. Sipriani tulipomweleza aliapa kwa watakatifu wote kwamba gari hilo halijawahi kutamka neno tangu lishuke melini. Nikadhani yamekwisha, tutaondoka na la bluu. Yassin akachukua ufito, akalipima jeupe mara ya pili.

"Hakuna lingine linalovuka," akasema. "Tunalichukua."

* * *

Siku ya tatu yake tulimpeleka mama mkwe wangu kwake Kilwa Kivinje. Alikuwa amekaa kwetu wiki mbili, na tangu gari liingie nyumbani alikuwa hajalisamehe.

"Mwanamke mjamzito na shangingi, wapi na wapi," alikuwa akisema kutoka kiti cha nyuma, buibui lake amelikusanya magotini lisiguse kitu. "Zamani zetu shangingi lilikuwa tusi."

"Mama, ni jina la utani tu la gari," nikamwambia.

"Nalijua jina la utani, mwanangu. Na tusi nalijua."

Nilimwona Yassin anapunguza mwendo kabla hatujaiona ile njia. Mimi nikashika tumbo. Sikutaka kusali kwa sauti, nikasali kimoyomoyo gari linyamaze.

"Mama... naku... hadhari... huko... desi."

Nyuma yangu ukatoka ukelele mwembamba. Mama mkwe alikuwa ameruka mpaka kwenye mlango, mkono kifuani.

"Mwanasha! Mwanasha mwanangu!"

"Mama, tulia," Yassin akasema. Mwenyewe hakuwa ametulia.

"Nitatuliaje? Mkwe wangu nisimjue sauti? Nani mwingine aliyeniita mama kwa upole ule? Ananihadharisha! Ananiambia huko, huko kulikoniua, asipite mwenzangu na tumbo!" Akaanza kulia kwa kwikwi. "Nilikwambia, Yassin. Hukwenda kumuaga. Ulitoka kaburini kwake ukakaa, ukakaa, halafu ukaoa, hata kumwambia hukumwambia. Sasa kaja mwenyewe."

Mimi sikuwahi kumsikia Mwanasha hata mara moja katika maisha yake. Nadhani ndiyo maana niliogopa kuliko wote wawili. Wao walikuwa na sauti ya kulinganisha. Mimi kila nitakapofikiria sauti yake kuanzia siku ile, itakuwa hiyo hiyo.

Pale Kivinje mama mkwe alishuka, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akaninong'oneza, "Sikuchukii, mwanangu. Nenda kwenu tu ukazae." Kisha akamvuta mwanawe pembeni ya nyumba. Walizungumza kwa muda. Yassin aliporudi hakunitazama.

Alinitazama tulipofika nyumbani, na ingekuwa bora asingenitazama.

"Kesho kutwa nalirudisha gari," akasema. "Na wewe utakwenda kwenu Mtama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ujifungue."

"Halafu?"

"Baadaye tutaona."

"Tutaona nini, Yassin? Mimi na gari tunarudishwa siku moja? Sipriani apokee chake, mama yangu apokee chake?"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Niambie wewe unavyotaka niseme."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaviangalia viganja vyake. "Sitaki mtu mwingine afie mikononi mwangu, Adija. Nilidhani nikipata gari refu kuliko yale maji itatosha. Haitoshi. Ananiambia haitoshi."

"Anakwambia wewe? Aliyeitwa mama ni nani humu ndani? Si mimi mwenye tumbo? Mbona mimi sijasema naondoka?"

Nilitamani anipigie kelele. Mtu anayekupigia kelele bado yupo chumbani na wewe. Yassin alikuwa amekaa mbele yangu, goti lake karibu liguse langu, na hakuwepo. Alikuwa kwenye maji.

* * *

Alasiri ya siku iliyofuata shoga yangu Devota alinikuta napanga nguo za mtoto kwenye begi. Devota anafundisha hesabu sekondari, mtu wa Masasi, hana subira na machozi ya mtu.

"Unakwenda wapi?"

Nikamweleza yote. Alikuwa anakunywa chai, na nilipofika kwenye ile sauti akaacha kunywa.

"Hebu rudia. Polepole, kama ilivyotamka yenyewe."

"Mama, naku hadhari huko, desi."

"Hadhari, au hadari?"

Nikafikiri. "Ilikuwa kama hidari."

Devota akaweka kikombe chini. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akapandisha sketi akanionyesha goti lake. Palikuwa na kovu refu.

"Unaliona hili? Limetokana na neno hilo hilo. Unamkumbuka yule kijana Mjapani aliyekuwa anajitolea kufundisha sayansi pale kwetu? Si ndiye aliyenifundisha pikipiki. Sasa, yule bwana akitulia Kiswahili chake kizuri kuliko cha mkuu wa shule. Akishtuka anakisahau chote. Siku moja tunaikaribia kona, kapanda nyuma yangu, anapiga kelele, 'Hidari! Hidari!' Mimi nikasikia hadhari. Nikakanyaga breki, tukaruka wote mtaroni. Tumelala mle, damu zinatutoka, ndipo ananiambia, 'Mwalimu, hidari ni kushoto. Nilisema shika kushoto.'"

Nikabaki na soksi ya mtoto mkononi.

"Hiyo 'mama naku' yenu ni mamonaku, karibu tu hapo," Devota akaendelea. "Hidari ni kushoto. Hoko ni upande. Desi ni ya kufungia sentensi tu. Hicho kioo cheusi mlichoambiwa kimekufa, mama, ni mashine ya kumwelekeza dereva njia, kwao zimejaa. Huyo dada wa watu anasema: mbele kidogo hapo, shika kushoto. Basi! Mmemfanya marehemu."

Akachana karatasi kwenye daftari lake la maandalio, akaniandikia kwa mwandiko wake wa ubaoni. Hidari, kushoto. Migi, kulia. "Mkariri hayo mawili wewe na mumeo. Ukijua kushoto na kulia unafika popote."

Nilicheka naye. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Kisha swali likanijia nikiwa bado nacheka.

"Mwalimu, mashine hiyo ina ramani ya wapi?"

"Ya Japani. Itakuwa na ya wapi tena?"

"Kwa hiyo Lindi haiijui."

"Haiwezi kuijua."

"Kutoka hapa mpaka Kivinje tumepita njia panda ngapi? Mbona haikusema kwingine kokote? Mara zote mbili imesema pale, na wakati wa kurudi imenyamaza."

Devota akaufuata ukingo wa kikombe kwa kidole. Nje kuku walikuwa wanaparura karibu na mlango, na hakuna aliyewafukuza.

"Mimi nafundisha hesabu, Adija," akasema hatimaye. "Hilo usiniulize mimi."

* * *

Siku ya kurudishwa ilifika. Yassin alipakia begi langu nyuma, akalaza ufito juu yake. Tulipokaribia Mitwero nikamshika mkono.

"Usisimame kwa Sipriani. Nipitishe kwanza pale."

"Hapana."

"Nipitishe mara moja tu. Ukinifikisha pale na bado unataka niende Mtama, nitakwenda. Sitakulalamikia, sitakuletea wazee, sitakuuliza baadaye ni lini."

Alinitazama muda mrefu, mpaka lori nyuma yetu likatupigia honi. Ni mtazamo niliokuwa nimeukosa siku mbili, na nikaona ndani yake kwamba hataki niondoke hata kidogo. Hilo ndilo lililonipa nguvu. Akalipita lango la Sipriani.

Ilikuwa tena saa saba, mwanga mweupe mpaka majani hayakuwa na rangi. Nikaanza kuogopa kwamba haitasema. Halafu nikaogopa kwamba itasema.

"Mama... naku... hidari... hoko... desi."

Gari likasimama. Nikatoa karatasi ya Devota, nikaiweka juu ya usukani, nikamweleza kila kitu, kona, pikipiki, kovu. Alisoma yale maneno mawili kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Haonyi, Yassin. Hajaonya hata siku moja. Anasema kushoto."

"Mama alisikia..."

"Mama alisikia anachokiogopa. Na mimi hivyo hivyo. Na wewe ndiyo zaidi."

"Mashine haijui huku, Adija." Sauti yake ilikuwa imeshuka kuliko ile ya garini. "Itanielekezaje mahali isipopajua?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka upinde."

Akashika giya. Mkono ukagoma. Nikaona kabisa unavyogoma, giya haiendi.

"Siwezi," akasema. "Usukani niliushika hivi hivi siku ile."

"Basi shuka unipishe. Si ulisema gari ni langu?"

Tulibadilishana viti. Usukani ulinigusa tumbo. Nilikanyaga nilichoambiwa nikanyage, nikasukuma nilichoambiwa nisukume, gari likaruka mara mbili kama mbuzi na kuzimika. Mara ya tatu likakubali. Nikaingia kushoto.

Mikorosho ilitufunika pande zote. Mabibo yalikuwa yamelala chini, mengi, hakuna aliyeyaokota, na hakuna ndege aliyekuwa anayadonoa. Njia ilikuwa imefagiwa. Niliiona mistari ya ufagio mbele yangu, mipya, inakwenda mpaka kwenye kona na kuendelea, na juu yake hapakuwa na unyayo hata mmoja. Yassin aliiona pia. Hatukuambiana.

Korongo lilikuwa kavu. Nikasimamisha gari ukingoni, Yassin akachukua ufito, akateremka peke yake mpaka katikati ya mchanga. Akausimamisha. Alama ilimfika kiunoni. Akasimama pale na kuitazama hewa tupu iliyokuwa kati ya alama na miguu yake, jua limempiga utosini, mchanga mkavu kila upande.

"Maji yenyewe yalikuwa ya hapa tu?" akauliza. Sijui alikuwa anamuuliza nani.

Gari jeupe likavuka bila kuhangaika. Makaburi yalikuwa ng'ambo, kabla ya nyumba za kwanza, na la Mwanasha halikuhitaji kuonyeshwa maana mistari ya ufagio iliishia hapo. Niliacha mlango wazi na ufunguo mahali pake, nikashuka nimeshika kiuno. Palikuwa na jiwe kichwani na jiwe miguuni. Kati ya hayo mawili palikuwa pafupi. Nilikuwa nimemfikiria mwanamke mrefu.

"Asalaam alaikum, mwenzangu," nikasema. "Mimi Adija. Nimekuletea mumeo. Alikuwa hajakuaga, na mimi siwezi kuishi na mtu ambaye hajakuaga."

Yassin alisimama nyuma yangu, ufito bado mkononi. Akaulaza chini taratibu. Akainua viganja aisome Fatiha, akafungua mdomo, neno la kwanza likakwama. Akajaribu tena. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, mekundu, yamekaza. Nikajua ndivyo alivyosimama mazishini, na ndivyo alivyosimama arobaini. Na nikajua tukiondoka hapa hivi hivi, atanipeleka Mtama, na hatanifuata.

Kutoka kwenye mlango niliouacha wazi, sauti ikazungumza.

"Mama..."

Ikanyamaza. Sisi wote wawili hatukugeuka.

"Naku... migi... hoko... desi."

Hilo hatukuwahi kulisikia. Yassin akanishika bega, vidole vikaniingia.

"Anasema nini? Safari hii anasema nini?"

Sikuhitaji karatasi. Nilikuwa nimeyakariri maneno mawili tu.

"Anasema kulia."

Akageuka upande wake wa kulia, haraka, akatafuta. Palikuwa na mikorosho, na vivuli vya mikorosho.

"Kulia kuna nini? Adija, mbona sioni kitu? Kulia wapi?"

Nikamshika uso, nikaurudisha kaburini.

"Si kulia kwa huko, mume wangu."

Alinitazama kama hakuelewa. Kisha mdomo ule wa chini, ule ninaoupenda, ukaanza kutetemeka. Akapiga magoti kwenye mchanga uliofagiwa, akalitaja jina lake, Mwanasha, mara ya kwanza nilisikie kinywani mwake. Na palepale mchana kweupe Yassin akalia, mume wangu akimlilia mke wake, na mimi nikamshikilia.